Msasa na Mvule

Kabla ya kuwa karatasi, msasa ulikuwa mti. Majani yake makavu hukwaruza kama ulimi wa paka, na mafundi wa zamani waliyatumia kulainishia mipini, miko na vinyago. Karatasi yenye chenga za mchanga ilipoingia madukani ikarithi jina la jani, na mpaka leo mtu anapoomba msasa hakuna amwulizaye kama autaka wa mtini au wa kiwandani. Kisha washairi nao wakaliazima. Mtunzi anayeurudia ubeti wake akachungulia vina, akahesabu mizani na kung'oa neno lililokaa vibaya, husema kwamba anaupiga msasa, na kila mpenzi wa mashairi humwelewa.

Walakini washairi waliazima nusu ya kazi, nusu ya pili wakamwachia seremala. Mbao iliyopigwa msasa haijawa tayari kupakwa vanishi. Mti una vinyweleo kama ngozi ya binadamu. Ulipokuwa hai ndimo yalimopita maji kutoka mizizini, na ukishapasuliwa mbao hubaki wazi, vitundu virefu vyembamba ambavyo jicho huviona kama vistari vyeusi. Vinyweleo vya mpingo ni vidogo mno, na hiyo ni sababu mojawapo ya watengenezaji wa klarineti na obo kuupenda. Vya mninga, mkangazi na mvule ni vikubwa. Vanishi ikipakwa juu yake huzama humo, na uso uliong'aa jioni kama kioo huamka asubuhi umejaa vishimo. Hivyo basi, baada ya kupunguza, fundi hana budi kujaza. Neno hili la pili washairi hawakulichukua, na kisa cha meza moja ya Kigera, mbali kabisa na bahari, chaweza kuonyesha kwamba lingewafaa.

Kigera ni kata ya mji wa Musoma, mkoani Mara, penye miamba mikubwa na upepo wa Ziwa Viktoria unaobeba harufu ya dagaa wanaoanikwa. Nyuzi na sauti zake si jambo geni katika mkoa huo. Wakuria wana litungu, Wajaluo wana nyatiti, ala mbili za nyuzi nane ambazo tumbo lake ni mti uliochongwa na kuwambwa ngozi. Gitaa lilikuja baadaye, likaingia kwanza katika bendi za dansi, kisha likahamia kanisani, na siku hizi kwaya yenye uwezo haikosi magitaa matatu: la solo, la rithimu na la besi. Magitaa hayo ya umeme hayana tumbo lenye uwazi. Mwili wake ni gogo bapa la mti mtupu, na sauti huchukuliwa na vinasa sauti vilivyopachikwa chini ya nyuzi.

Fundi wa kisa hiki alirithi karakana ya baba yake, paa la bati juu ya nguzo sita. Mwana wa mhunzi asipofua huvukuta, naye alianza kwa kuokota vipande na kuchemsha gundi kabla hajaruhusiwa kushika randa. Kazi yake ya kila siku ni vitanda, milango, madirisha na majeneza. Siku moja mwalimu wa kwaya ya jirani alimletea gitaa la besi lililopasuka mwili kwa unyevu na kwa kuangushwa.

"Shikamoo fundi. Shingo nzima, vinasa sauti vizima, nyuzi nzima. Lililokufa ni gogo tu."

"Marahaba, mwanangu. Mnalitaka lini?"

"Pasaka. Tuna majuma matatu."

Fedha za kwaya zilitosha kununua mbao laini, ambayo kucha ya kidole huiacha alama na skrubu za shingo haziishiki sawasawa. Fundi alitaka mti mgumu uliokauka barabara. Alitaka mvule, na mvule haukatwi bila kibali, na ukipatikana kihalali bei yake ni ya milango ya matajiri. Usiku ule akakumbuka kwamba anao mvule ndani ya karakana yake. Kila siku huuegemea. Meza ya kazi ya marehemu baba yake uso wake wote ulikuwa mvule wa inchi mbili, uliokaushwa na miaka mingi kuliko umri wake mwenyewe. Asubuhi akaifungua miguu, akapima, akakata.

Kaka yake mkubwa, mvuvi wa Makoko, alipata habari siku ya tatu. Alikuja, akasimama pale ilipokuwa meza, wala hakukaa kwenye kigoda alichowekewa.

"Umeipasua meza ya mzee."

"Kaka, meza ilikwisha kuliwa miguu na mchwa. Uso ndio uliosalia. Nami nitatengeneza nyingine."

"Nyingine ni yako. Ile ilikuwa yetu."

Akaondoka. Wala hakutuma mtoto kuulizia hali, kama desturi yake ilivyokuwa kila jioni.

Kazi haikungoja upatanisho. Vipande viwili vikaunganishwa ubavu kwa ubavu kwa gundi na kubanwa usiku kucha, na siku ya pili umbo la gitaa likachorwa juu yake kwa kufuatisha gogo lililokufa. Mvule ni mti wenye inda. Nyuzi zake hazielekei upande mmoja. Tabaka moja huinamia kulia na la pili kushoto, hata randa inayoteleza vizuri hapa, shibiri moja mbele hung'oa mbao vipande vipande. Tena mti huu huficha mawe ndani ya mwili wake, vijiwe vya chokaa ambavyo huugandia ukiwa ungali hai, na randa ikikutana navyo makali yake hukatika. Fundi aliinoa randa yake mara nyingi asubuhi ile, kisha akaiweka chini akachukua kipande cha kioo, akakwangua polepole kama mtu anayepaa magamba ya samaki.

Ndipo ukaja msasa. Karatasi hizo zina namba, na namba ikipanda chenga hupungua ukubwa. Fundi huanza na 80 kuondoa mabonde ya randa na kioo, akaenda 120, akaenda 180, akamaliza na 220. Karatasi huvingirishwa kwenye kibao, kwa maana vidole vikiachiwa kazi hiyo peke yake huchimba pale penye ulaini na kuruka pale penye ugumu. Mkono hufuata urefu wa nyuzi za mti, kamwe haukati njia. Baada ya hapo mbao hupanguswa kwa kitambaa chenye maji kidogo ili vinyoya vilivyolazwa visimame, ikaachwa ikauke, kisha ikapigwa tena kwa upole. Vumbi la mvule huwasha macho na kifua, kwa hiyo fundi na mwanafunzi wake walijifunga vitambaa puani, wakawa hawasemezani ila kwa mikono.

Siri ya namba hizo ni moja. Hakuna msasa unaoondoa kosa la mti peke yake. Kila msasa huacha mikwaruzo yake mwenyewe, na kazi ya unaofuata ni kuifuta mikwaruzo ya uliotangulia na kuacha midogo zaidi. Anayeruka namba huacha mikwaruzo ya 80 chini ya ulaini wa 220. Mkono hauihisi, na jicho haliioni madhali mbao ni kavu.

Ijumaa mbili kabla ya Pasaka mwanafunzi aliruka. Alitoka 80 akaenda 220, na fundi alimwona asiseme neno. Majuma mazima mawazo yake yalikuwa Makoko. Alitaka kitu kile kitoke machoni pake, kipakwe, kiende kanisani, ili nafasi tupu iliyoachwa na meza ijazwe na meza nyingine. Akajaza vinyweleo kwa haraka, safari moja tu, na jioni akaipaka mbao mkono wa kwanza wa vanishi.

Watu hudhani kwamba vanishi hufunika. Kinyume chake, hulowesha mti ukaonyesha kila kitu kama changarawe chini ya maji matulivu. Asubuhi mikwaruzo ilikuwa imesimama wazi kutoka ubavu hadi ubavu, na katikati yake vishimo vya vinyweleo ambavyo havikushiba. Mwanafunzi akainamisha kichwa. Fundi akasema, "Si wewe. Niliona." Akaomba chupa ya tina na kioo chake, akaanza kuivua ile mbao nguo aliyoivika jana.

Kurudi nyuma namna hiyo kunauma kuliko kazi ya kwanza, kwa sababu ya kwanza ina matumaini na ya pili ina aibu. Hata hivyo, mkoa huo wa Mara una mfano wake mkubwa. Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922, si mbali na Musoma, na ni katika shule ya Mwisenge, mjini humo humo, alikoanzia masomo mwaka 1934. Mwaka 1963, naye ni Rais wa nchi, alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Kitabu kilikuwa kimetoka, na yamkini hakuna aliyemdai zaidi. Mwaka 1969 akakitoa upya baada ya kukisahihisha, na hata jina likabadilika na kuwa Juliasi Kaizari. Naye pia alivua vanishi iliyokwisha kukauka.

Safari hii fundi hakuruka kitu. Alirudi kwenye 120, akaenda 180, akaenda 220, na kila mara aliinua mbao hadi usawa wa macho akaielekeza kwenye mwanga wa mlangoni, maana mwanga unaokuja ubavuni hufichua kile ambacho mwanga wa utosini husamehe. Na tangu 180 alitandaza gazeti chini. Vumbi lote lililoanguka, laini kama unga wa muhogo, alilikusanya na kulitia katika kopo.

Kuna njia nyingi za kujaza vinyweleo. Viwanda huuza uji mzito wa unga wa mawe uliotiwa rangi. Mafundi wa kale wa Ulaya walisugua unga wa jiwe jepesi la volkano pamoja na shelaki, utomvu wa wadudu wa Bara Hindi ulioyeyushwa kwa spiriti, na kazi hiyo iliwachukua siku nyingi. Fundi wa Kigera alikuwa na kopo lake. Mvule una mafuta ya asili ambayo huweza kuizuia vanishi isikauke, kwa hiyo kwanza alipangusa mbao kwa tina, akaipaka shelaki nyepesi, akaiacha ishike. Kisha akachanganya lile vumbi na shelaki nyingine hadi likawa kama uji wa mgonjwa, akalichota kwa kitambaa na kulisugua kwa mizunguko. Hapa sheria ya msasa hugeuka. Msasa hufuata nyuzi za mti, lakini anayejaza humalizia kwa kukata njia, kwa sababu kitambaa kikivutwa kwa urefu hukomba vinyweleo na kukitoa kile kilichokwisha kuingia. Ikakauka usiku mmoja, ikasinyaa kama ilivyo ada, ikajazwa mara ya pili, na ikapigwa tena 220 mpaka uso ukawa mmoja.

Mtu wa pwani hawezi kuiona kazi hiyo asikumbuke ufuo. Jahazi linapopandishwa juu ya magogo, mafundi hutia kalafati, pamba iliyolowekwa mafuta, wakaishindilia kwa nyundo na patasi katika kila mwanya baina ya ubao na ubao, kisha wakalipaka sifa. Mafuta ya papa na maneno ya kumtukuza mtu yamepewa jina moja katika Kiswahili, na mabaharia wajua ipi hutangulia: sifa ikipakwa kabla ya kalafati, chombo huzama kimepakwa vizuri. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga wa nchi kavu. Wa baharini hawapewi hata nafasi ya kujenga.

Vanishi yenyewe pia ina nasaba pwani. Katika karne ya 19 sandarusi, utomvu wa kale uliochimbwa ardhini katika pwani ya Mrima, ilikusanywa Unguja na kusafirishwa na wafanyabiashara wa Salem, Marekani, ambao serikali yao ilitiliana mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1833. Ilithaminiwa kuliko sandarusi nyingine nyingi kwa kutengenezea vanishi ngumu ya samani na magari ya farasi. Wachimbaji wake hawakuziona samani hizo. Leo vanishi iliyoko Kigera hutoka kiwandani, ndani ya kopo la bati, na hakuna utomvu wa Mrima ndani yake. Lakini tabia yake ni ile ile: haina uso wake yenyewe, huazima uso wa kilicho chini yake.

Ikasalia alama moja. Upande ambao ungekuwa mgongo wa gitaa, karibu na ukingo, kulikuwa na mfuo wa msumeno, mfupi kama kidole cha mtoto, uliokwenda mshazari. Mvule mzee huwa hudhurungi, na mfuo ule ulikuwa mweusi kwa mafuta na jasho la miaka. Mwanafunzi akashauri msasa wa 80 urudi, wauchimbe mpaka upotee.

Fundi alipima kina chake kwa ukucha. Ungepotea, na mgongo wa gitaa ungepungua kiasi kisichojulikana na yeyote. Kwa miaka yote alidhani kwamba mfuo ule uliachwa na msumeno wa baba yake, siku yoyote kati ya siku zake nyingi. Akafikiri, kisha akachukua kopo la vumbi. Aliujaza mfuo kama alivyojaza vinyweleo, mara tatu, maana ulikuwa na kina, akaupiga msasa hadi kiganja kilipopita juu yake bila kukwama. Vumbi likishika shelaki huwa jeusi kuliko mti ulikotoka. Kwa hiyo mstari ulibaki, ukaonekana vizuri kuliko mwanzo, lakini haukumkwaruza tena mtu.

Jumamosi kuu alipaka mkono wa mwisho. Gitaa lilikuwa limening'inizwa kwa waya katikati ya karakana ili vumbi lisilifikie, likizunguka taratibu kwa upepo wa ziwa. Kaka yake alikuja adhuhuri. Alitoa sababu ya msumari wa mtumbwi, akapewa msumari, asiondoke.

"Imekauka?"

"Upande wa nyuma umekauka. Shika tu."

Mvuvi akapitisha kiganja juu ya mgongo wa gitaa, kiganja kigumu kilichozoea kamba na nyavu, ambacho huenda kingegundua mchubuko usioonekana na jicho la fundi. Kilipita juu ya mstari, kikarudi, kikapita tena. Kisha akainama kuutazama.

"Hukuufuta."

"Niliona si vyema kumfuta mzee."

"Si mzee huyu," alisema kaka. "Ni mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikata mbao yangu ya kwanza, msumeno ukapita mbao ukaingia mezani. Nilijua nitachapwa. Mzee alitazama, akasema mstari umenyooka." Akanyamaza kidogo. "Kila ukipiga randa uso wa meza, alikuwa akikwambia uishie pale. Hukujiuliza?"

Fundi hakuwa amejiuliza. Alikumbuka sasa jinsi uso wa meza ulivyokuwa na mwinuko mdogo upande ule, ambao alidhani ni uzembe wa uzee.

Kwa kitambo kirefu hakuna aliyesema. Mwanafunzi alifagia vipande vya mbao akavisogeza kwenye rundo la kuni, kama ifanyikavyo kila Jumamosi. Kaka akaokota kimoja, akakigeuza, akakiona kwamba ni mvule.

"Hivi vilivyobaki usivichome," alisema.

"Sitavichoma, kaka."

Akakiweka juu ya nguzo ya kati, pasipofikiwa na maji ya mvua, akaondoka na msumari wake. Jioni alituma mtoto kuulizia hali.

Asubuhi ya Pasaka besi ilisikika kwa mara ya kwanza katika kanisa lile, nzito, yenye kukaa. Washirika walisifu mng'ao wa gitaa, na walikuwa na haki, kwa kuwa mbele yake hakukuwa na kishimo wala mkwaruzo. Mstari hawakuuona. Uko nyuma, upande unaolalia tumbo la mpigaji, naye akiupapasa kwa kidole hauhisi.